Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii aghalabu huwapigia watu wanaozungumzia ndoa za wenzao, au wanaotoa shauri juu ya kazi wasiyoifanya. Wiki hii, ndugu msikilizaji, nataka kuipeleka mahali ambapo haijazoea kufika, yaani katika vitabu vya watoto, na hasa vile ambavyo havisomwi tena kwenye karatasi bali katika kioo cha kompyuta, cha simu au cha kishikwambi. Anayeandika vitabu hivyo ni mtu mzima. Anayevilipia ni mtu mzima. Anayevisifu katika mikutano naye ni mtu mzima. Lakini anayekilalia kitanda hicho ni mtoto. Je, nani anayemuuliza habari za kunguni?

Swali hili lina historia ndefu kuliko kompyuta, na mimi naamini hatuwezi kulijibu bila kurudi nyuma kidogo.

Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kitabu kilikuja kutoka juu. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi ile kamati ya lugha ya Kiswahili iliyoziunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kazi yake mojawapo ilikuwa kupitia miswada ya vitabu vya shule na kuamua kama Kiswahili chake kinafaa. Mwaka 1948 ikaundwa East African Literature Bureau ili kuchapisha na kueneza vitabu vya wasomaji Waafrika. Vyombo hivi vilifanya kazi kubwa ambayo hatuwezi kuibeza. Walakini mtindo wao ulikuwa mmoja: wakubwa wanakutana, wanaamua msomaji anahitaji nini, kisha kitabu kinafungwa katika maboksi na kupelekwa shuleni. Mtoto alipewa kitabu na akapewa mtihani. Hakupewa nafasi ya kusema kwamba ukurasa wa tano haueleweki.

Lakini tusiseme kwamba msomaji wa zamani alikuwa bubu kabisa. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923 chini ya idara ya elimu ya Tanganyika. Lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni, nalo lilisema yale ambayo serikali hiyo ilipenda yasemwe. Hata hivyo liliacha nafasi kwa barua na mashairi ya wasomaji, na nafasi hiyo ikajaa. Watu waliuliza, walijibizana, walitungiana mashairi, na washairi wakubwa, Shaaban Robert akiwa mmoja wao, walijulikana na umma kupitia kurasa hizo. Ukilitazama vizuri jambo hili utaona kwamba msomaji akipewa mlango huingia. Hangoji kufundishwa namna ya kuwa na maoni.

Baada ya uhuru, Tanzania iliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba karibu watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilisema wasiojua wamebaki chini ya asilimia 10. Katika miaka hiyo ya 1970 yakaanzishwa magazeti ya vijijini, likiwamo lile la Elimu Haina Mwisho, kwa sababu ilionekana wazi kwamba mtu aliyejifunza kusoma bila kuwa na kitu cha kusoma husahau. Hili ni somo la kwanza la historia yetu: kujua herufi ni jambo moja, na kupata maandishi yanayomvuta msomaji arudi tena kesho ni jambo jingine.

Sasa tuvuke bahari. Mwezi Novemba 2002 chuo kikuu cha Maryland nchini Marekani, kikishirikiana na Internet Archive, kilizindua maktaba ya watoto iliyomo ndani ya intaneti. Iliitwa International Children's Digital Library, kwa maana ya maktaba ya kimataifa ya watoto katika kompyuta. Lengo lake lilikuwa kukusanya vitabu 10,000 katika lugha 100, ili mtoto mahali popote aweze kuvisoma bila malipo. Haikulifikia lengo hilo, ila ilikusanya vitabu zaidi ya 4,000 katika lugha zaidi ya 50, na hilo si jambo dogo.

Lakini kilichonivuta katika habari za maktaba ile si wingi wa vitabu. Ni namna ilivyojengwa. Aliyeiongoza, Bi Allison Druin, alikuwa na msimamo ambao wataalamu wengi wa wakati huo waliuona kama mchezo. Alisema kwamba chombo cha mtoto kiundwe pamoja na mtoto tangu siku ya kwanza, kisisubiri kumalizika ndipo aonyeshwe. Basi watoto wa umri wa miaka 7 hadi 11 walikuwa wakija katika maabara ya chuo kikuu mara mbili kwa wiki baada ya shule, na wakati wa likizo ya kiangazi walikaa majuma mawili mfululizo. Mle ndani hakuna mtoto aliyenyoosha mkono kuomba ruhusa ya kusema. Watoto waliwaita wakubwa kwa majina yao ya kwanza. Sisi kwa mila zetu hilo la majina linatutia kinyaa kidogo, nami sishauri mtoto wa Tandika au wa Kariobangi amwite profesa kwa jina lake la utotoni. Ila sababu yake inaeleweka: mtoto aliyezoea kumjibu mwalimu hutafuta jibu ambalo mwalimu analitaka, na maabara ile ilitaka jibu la mtoto mwenyewe.

Walikuwa pia na mbinu rahisi ambayo haihitaji umeme. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alipewa vikaratasi vyenye gundi. Akikitumia chombo kwa muda aliandika katika kila kikaratasi jambo moja: alilolipenda, asilolipenda, au analotaka libadilishwe. Vikaratasi vilibandikwa ukutani, vilivyofanana vikawekwa pamoja, na palipokuwa na rundo kubwa ndipo kazi ya wiki inayofuata ilipoanzia. Hapo hakuna aliyeuliza kikaratasi hiki kimeandikwa na daktari wa falsafa au na mtoto wa darasa la pili.

Ni nini walichokisema watoto? Wakubwa, hasa wakutubi, wamezoea kupanga vitabu kwa jina la mwandishi, kwa jina la kitabu na kwa somo. Watoto walisema hawatafuti hivyo. Mtoto hukumbuka kwamba kitabu alichokipenda kilikuwa na jalada jekundu. Hutaka kujua kama ni kifupi au kirefu. Hutaka kitabu chenye wanyama, tena huuliza kama ni wanyama wa kweli au wa kubuni. Hutaka kitabu cha kuchekesha au cha kutisha, yaani hutafuta kwa moyo kabla ya kutafuta kwa akili. Basi maktaba ile ikawekwa vitufe vya rangi ya jalada, vya urefu wa kitabu, vya aina ya wahusika na vya hisia ambazo kitabu huzileta. Jambo ambalo mtaalamu angeliita la kipuuzi likawa mlango wa kuingilia.

Isitoshe, maktaba ilipofunguliwa kwa umma likajitokeza jambo jingine. Programu ya kwanza ilikuwa nzito, ikitaka kompyuta yenye nguvu na mtandao wa kasi, ilhali wengi wa wale iliokusudiwa kuwafikia hawakuwa navyo. Ikabidi itengenezwe nyingine nyepesi, ya kawaida, itakayofunguka hata kwenye kompyuta hafifu. Mtu mwenye mtandao wa kasi hawezi kulijua tatizo hilo kwa kukaa ofisini kwake akifikiri. Huyo kunguni hajawahi kumuuma.

Watafiti hao hawakuishia hapo. Kwa miaka minne waliwafuatilia watoto 12 wanaoishi katika nchi nne, Ujerumani, Honduras, New Zealand na Marekani, wakiwahoji, wakikusanya michoro yao na maoni yao juu ya vitabu. Taarifa yao ya mwaka 2007 ilisema kwamba watoto hao walianza kusoma vitabu vya aina nyingi zaidi, hamu yao ya kusoma iliongezeka, na walipenda kujua mila za watu wengine. Lakini walisema pia jambo ambalo wauzaji wa kompyuta hawapendi kulisikia: bado waliithamini maktaba ya matofali, kwa kuwa ndiko wanakokutana na wenzao. Watoto 12 ni wachache, na hakuna anayeweza kuwasemea watoto wa dunia nzima kwa watoto 12. Hata hivyo, watoto 12 walioulizwa kwa miaka minne wanaweza kukufundisha jambo ambalo watoto milioni moja waliohesabiwa tu hawatakufundisha.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana kuhesabu na kuuliza ni mambo mawili, na siku hizi yanachanganywa.

Chukua mfano wa nyumbani. Mwaka 2014 yalitangazwa mashindano ya kimataifa yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, yenye zawadi za jumla ya dola milioni 15. Washindani walitakiwa kutengeneza programu ambayo mtoto asiye na mwalimu angeitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka 2017 walichaguliwa watano wa fainali, na uwanja wa fainali ukawa mkoa wetu wa Tanga. Watoto wapatao 2,700 katika vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, vyenye masomo ya Kiswahili. Mitambo ya umeme wa jua ikawekwa kwa ajili ya kuvichaji. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walishiriki. Baada ya miezi 15 ya majaribio, mwezi Mei 2019, zawadi kuu ya dola milioni 10 waligawana washindi wawili: onebillion kutoka Uingereza na Kitkit School, ya kampuni iliyoanzishwa na Wakorea walioko Marekani.

Taarifa za mashindano zilisema kwamba kabla ya majaribio asilimia 74 ya watoto hao walielezwa kuwa hawajawahi kuhudhuria shule, asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitabu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni, idadi hiyo ya wasioweza kusoma hata neno ilipungua kwa nusu. Ni habari njema, na watoto wale wa Tanga wanastahili pongezi kuliko mtu mwingine yeyote katika kisa hiki.

Lakini itazame habari hiyo kwa jicho la pili. Mtihani ulituambia mtoto anaweza kusoma maneno mangapi. Kishikwambi nacho kina uwezo wa kuandika kila mguso wa kidole: mtoto amefungua nini, amekaa dakika ngapi, amekosea wapi. Hizo ni alama za nyayo mchangani. Ukiziona nyayo zimegeuka katikati ya njia unajua kwamba msafiri amerudi, lakini hujui kama aliona nyoka, au aliitwa na mama yake, au alichoka tu. Mtoto aliyefunga hadithi katika ukurasa wa tatu huenda hadithi ilimchosha. Huenda neno lilimshinda. Huenda kishikwambi kilikwisha moto, au kaka yake alikinyakua. Mashine inajua kwamba ameacha. Kwa nini ameacha, anajua mtoto. Na hiyo 'kwa nini' ndiyo inayomwezesha mtengenezaji kurekebisha.

Lipo pia suala la lugha, nalo kwetu ni zito. Kiswahili ni kimoja, lakini watoto wanaokisoma hawaishi mtaa mmoja. Mtoto wa Dar es Salaam anapanda daladala na wa Nairobi anapanda matatu. Mama wa Unguja anapika mbatata, wa Mbeya anapika viazi mviringo. Mtoto wa Lubumbashi ana Kiswahili chake cha nyumbani ambacho hakimo katika kamusi nyingi. Ile kamati ya 1930 ingelimaliza jambo hili kwa kuamua neno moja liandikwe na mengine yafutwe. Kitabu cha karatasi kikishachapwa nakala 5,000 hakina njia nyingine. Lakini kitabu cha kompyuta kinaweza kurekebishwa leo jioni, na kesho asubuhi kikasomwa kikiwa kimesahihishwa. Kwa hiyo kisingizio cha zamani kimekwisha. Kama neno halieleweki na bado limebaki, si kwa sababu ya gharama ya matbaa. Ni kwa sababu hakuna aliyeuliza, au aliyeambiwa hakujali.

Wapo waliolielewa hili mapema. Shirika la Saide la Afrika Kusini lilianzisha African Storybook, mpango ulioanza kwa kufanya majaribio Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini kwenyewe, na tovuti yake ikafunguliwa mwaka 2014. Pale hadithi hutolewa kwa leseni ya wazi. Mwalimu akiona hadithi inafaa lakini lugha yake ni ngumu, ana ruhusa ya kuiandika upya kwa maneno mepesi, au kuitafsiri katika lugha ya kijiji chake, na kuirudisha ili wengine waitumie. India nako, wachapishaji wa Pratham Books walifungua StoryWeaver mwaka 2015 kwa mtindo unaofanana na huo. Hapa maoni ya msomaji hayaishii kuwa barua inayongoja kujibiwa. Msomaji mwenyewe anashika kalamu.

Utaniuliza, je, mlango ukiwa wazi hivyo hata takataka hazitaingia? Zitaingia. Mwenye haraka ataandika hadithi mbovu, mwingine atatafsiri kwa kubahatisha. Ndiyo maana African Storybook walilazimika kuzitofautisha hadithi zilizokwisha kupitiwa na wahariri na zile ambazo bado. Mhariri hakufukuzwa kazi. Kazi yake imebadilika, kwamba badala ya kusimama mlangoni na rungu amekuwa mtu wa kupepeta. Nasi tunajua kwamba asiyepepeta hula chuya.

Hatari ya pili naiona kubwa zaidi. Anayetuma maoni kwa mtandao ni yule mwenye mtandao. Mzazi wa mjini mwenye simu nzuri ataandika leo kwamba picha hazimpendezi, na kesho zitabadilishwa. Mzazi wa kijijini ambaye mtoto wake hawezi hata kufungua ukurasa huo hatasikika, na ukimya wake utahesabiwa kuwa ni kuridhika. Tukikiacha kitu hiki kijiendeshe chenyewe, maoni ya wengi yatakuwa kwa kweli maoni ya wachache wenye vifurushi. Sisi tunaonunua gazeti mjini tukumbuke kwamba katika jambo hili tuko upande wa wenye sauti.

Kwa hiyo nina rai tatu. Ya kwanza naielekeza kwa wanaotengeneza vitabu hivi, wawe wa serikali, wa mashirika au wa biashara. Pelekeni vikaratasi vijijini. Mtu mmoja mwenye daftari, aliyekaa nusu saa kando ya mtoto bila kumsahihisha, atarudi na mambo ambayo mashine haikuyaandika. Na mkishabadilisha kitu, rudini mkamwonyeshe yule aliyesema. Maoni yasiyojibiwa hufa, na aliyepuuzwa mara mbili hasemi mara ya tatu.

Ya pili ni kwa walimu na wakutubi. Nyinyi mnayaona haya kila siku. Mnajua ni hadithi ipi watoto huigombania na ipi hulala. Msingoje kuombwa na wizara. Andikeni, tena andikeni kwa majina ya vitabu na kurasa, kwa sababu anayelalamika kwa ujumla hujibiwa kwa ujumla.

Ya tatu ni kwetu wazazi. Tumezoea kumkabidhi mtoto simu ili atuache tupumzike, na jioni tunamuuliza kama amesoma. Naye hujibu amesoma. Swali hilo ni la mtihani. Tumuulize jingine: ni nani katika hadithi hiyo humpendi? Wapi ulichoka? Ungekuwa wewe ndiye mwandishi, ungemaliza vipi? Mtoto anayeulizwa hivyo nyumbani hatakuwa na woga siku atakapoulizwa na mgeni. Na mtoto anayejua kwamba kitabu kinaweza kukosolewa, na kwamba kosa alilolionyesha limerekebishwa, amejifunza jambo ambalo halimo katika silabasi yoyote: kwamba maandishi hayakushuka kutoka mbinguni, yameandikwa na watu, na yeye ni mmoja wa watu.

Kwa miaka mia moja tumejitahidi kumfundisha mtoto wa Kiswahili kusoma, na tumefika mbali. Vyombo vipya vimetupa njia ya kumsikia naye. Tukivitumia kwa kupima tu, tutakuwa tumehamisha ubao kutoka ukutani kuuweka kiganjani. Yeye ndiye aliyelala kitandani. Asubuhi kabla hatujatandika, tumuulize amelalaje.

Tukutane wiki ijayo.